Katiba Tuliyoiazima Kamukuywa

Kikundi chetu cha wafugaji, upande wa Endebess, kilianza na watu kumi na watano na mashine moja ya kukata majani ya ng'ombe. Ili tusajiliwe tulihitaji katiba, na tulivyoelewa sisi, ilipaswa kuwa ya Kiingereza. Nikachaguliwa kuwa katibu, nadhani kwa sababu nilikuwa nimeonekana mara nyingi nikisoma. Shule niliiachia darasa la saba. Kiingereza nilijifunza mwenyewe baadaye, nikiwa na watoto, kwa kamusi moja na kwa maandishi yoyote niliyoyakuta, hasa vibao.

Anayejifunza lugha kwa vibao huanza na makatazo. Nyumbani tuna "usifanye" na "imekatazwa", na mambo yanaisha hapo. Kiingereza nilikikuta na ghala zima. Kuna "prohibited", mlango ambao hakuna mwenye ufunguo wake. Kuna "restricted", mlango uliofungwa lakini ufunguo uko kwa mtu fulani, na kazi yako ni kumtafuta. Kuna "limit", ambayo haikukatazi kwenda, inakuonyesha tu pa kusimama. Neno lililonisumbua zaidi ni "strictly", yaani kabisa. Kama kuegesha gari kumeshakatazwa, neno hilo linaongeza nini? Nilichunguza malango ya Kitale kwa muda mrefu. Penye "strictly" magari yaliyoegeshwa yalikuwa mengi kuliko kwingine. Nikaandika daftarini kwamba huenda ni neno la mtu ambaye hasikilizwi.

Basi nilikwenda Kitale kwa mama mmoja anayepiga chapa kwa kompyuta. Hakunishangaa.

"Katiba? Niko nazo tatu hapa," akasema. "Ya kanisa, ya mazishi, na hii ya watu wa pikipiki kule Kamukuywa. Watu huchukua tu moja tunabadilisha jina."

Nikasoma zote tatu nikachagua ya pikipiki, kwa kuwa ilikuwa na maneno mazito na nilidhani ofisi itaiheshimu. Akaiambia kompyuta iondoe kila pikipiki iweke ng'ombe. Tukasajiliwa. Karatasi ikalala kwenye bahasha miaka sita, na sisi tukaishi kwa mazoea: kila mtu na siku yake ya mashine, anayeumwa anabadilishana na jirani.

Mwaka jana, mwezi wa tisa, mwenzetu mmoja aliitwa kwao Kabuchai. Mama yake alikuwa amepata kiharusi na hakukuwa na mwingine wa kumgeuza kitandani. Alimwachia mkaza mwana wake ng'ombe watatu na shamba la mahindi ambayo yalikuwa bado hayajavunwa. Mkaza mwana akavuna. Mabua yakabaki shambani yakingoja mashine iyakate yawe chakula cha ng'ombe, maana Januari hakuna nyasi huku, na bua lisilokatwa mapema huliwa na mchwa.

Katika mkutano wa Januari, mwenyekiti alitoa katiba kwenye bahasha. Alikuwa ameisoma, au amesomewa.

"Kifungu cha kumi na moja," akasema. "Mtu akikosa mikutano tatu bila ruhusa ya maandishi, amejitoa. Huyu mama amekosa nne. Na kuna jirani yetu hapa anaomba nafasi tangu mwaka juzi. Katibu, si ni hivyo imesema?"

Nikaisoma. Iliandikwa "shall cease to be a member", atakoma kuwa mwanachama. Ilikuwa ni hivyo imesema.

"Lakini si alikuambia anaenda?" akauliza mwanamke mmoja aliyekaa karibu na mlango.

"Kuniambia aliniambia, tena hapo barabarani. Nikamwambia sawa, nenda. Lakini karatasi inataka maandishi, mama. Mimi nifanye nini? Nikikunja sheria leo, kesho mtasema mwenyekiti anapendelea."

Hakuwa mtu mbaya, na jirani anayengoja nafasi alikuwa na ng'ombe wenye njaa kama wengine. Niliomba wiki moja kabla hatujafuta jina. Sababu niliyotoa ni kwamba nataka kukagua tafsiri. Ukweli ni kwamba tafsiri nilikuwa nayo. Nilichotaka kujua ni kifungu kile kilitoka wapi, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyekiomba.

Jumatano nikaenda Kamukuywa. Kikundi cha pikipiki hakikuwa kigumu kukipata. Walikuwa wameketi kando ya soko wakingoja abiria. Nilipowaonyesha karatasi, mzee wao, mwanamume wa umri wangu mwenye koti la mvua juani, alicheka hadi akashuka kwenye pikipiki.

"Dada, nyinyi mlibeba sheria zetu? Ati ng'ombe!"

"Nataka kujua kifungu cha kumi na moja," nikasema. "Kwa nini mikutano mitatu? Kwa nini maandishi?"

Akaacha kucheka. Akaniambia kwamba mwanzoni pikipiki zilikuwa za kikundi, si za mtu binafsi. Mwenzao mmoja alikosa mkutano, wakasema ana homa. Akakosa wa pili, wakasema ana msiba. Kufikia wa tatu alikuwa ameshavuka mpaka na pikipiki ya kikundi, na hawajaiona tena.

"Sasa nyinyi huko," akauliza, "mtu akikosa mkutano huwa ametoroka na nini?"

Nikafikiri. Mashine yetu imefungwa kwa boliti kwenye sakafu ya saruji.

Nilipanda gari hadi Kabuchai siku hiyo hiyo. Nilimkuta mwenzetu akimlisha mama yake uji kwa kijiko, akimfuta kidevu kila baada ya kijiko. Habari alikuwa amezipata kwa mkaza mwana wake.

"Mmenitoa?" akauliza bila kugeuka.

"Bado. Jumamosi."

"Mimi nikitolewa nitauza ng'ombe wawili. Mmoja nitajaribu kumlisha na maganda ya ndizi." Akamwekea mama yake kijiko kingine. "Hiyo sheria niliisikia lini mimi? Ulitusomea?"

Nilimwambia sikuwasomea. Nilimwambia pia kile ambacho sikuwa nimemwambia mtu: siku nilipoichagua, neno "cease" sikulijua. Nililiacha humo kwa sababu lilionekana la watu waliosoma.

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Na hayo useme Jumamosi," akasema. "Usiniambie mimi peke yangu."

Jumamosi, katika ukumbi wa kanisa, nikasema. Nikaeleza nilivyoinakili, habari ya pikipiki iliyovuka mpaka, na neno nililolipitisha bila kulijua. Kisha mwenyekiti akasema tusome yote basi, kuanzia juu, kwa Kiswahili, tujue tumeishi na nini. Nikasoma. Hadi kifungu cha sita tulifika salama. Kifungu cha saba kilisema kwamba ni marufuku kabisa kwa mwanachama kuendesha ng'ombe akiwa amelewa.

Mweka hazina alitoka nje kucheka. Mwanamke wa karibu na mlango akauliza kama kuna faini, kwa maana anamjua mmoja aliyemo humu ndani. Hata mwenyekiti alifunika uso kwa katiba.

Baada ya hapo kifungu cha kumi na moja hakikupata mtetezi. Watu waliniuliza maswali mazuri ambayo sijawahi kuulizwa na kamusi: hilo neno linaua au linafinya tu? Anayeamua ni nani, karatasi au sisi? Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyependekeza kipya, nami nikakiandika kama alivyokitamka: "Asiyeweza kuja atume neno kwa mtu yeyote, na siku yake ya mashine itabaki yake." Mikono kumi na miwili iliinuka, miwili ikabaki chini. Yule jirani tukampa siku ya Jumapili mchana, ambayo haikuwa na mwenyewe. Hakufurahi sana.

Alhamisi mabua yalikatwa. Nikapiga simu Kabuchai kumweleza mwenzetu.

"Nisomee hicho kipya," akasema.

Nikamsomea mara mbili. Nyuma yake nilimsikia mama yake akikohoa, naye akimwambia polepole, polepole.

"Ni nzuri," akasema. "Lakini na mtu ambaye ndiye ameanguka, hawezi kuongea, na hakuna mtu nyumbani? Huyo atatuma nani?"

Hatukuwa tumemfikiria. Nikamwomba angoje kidogo, nitafute kalamu.