Ikupa na Mstari wa Baba Mkwe

Mkitaka kujua Mwalimu Ikupa alijifunzia wapi grafu, msiniambie habari za chuo cha Iringa. Chuoni alifika anazijua. Alijifunzia kwenye kahawa ya baba yangu, milimani Rungwe, na mimi Damari, wifi yake, ndiye niliyekuwa mdomo wao wote wawili. Midomo yenyewe ilinikauka.

Ilikuwa mwaka hamsini na saba. Kaka yangu Anyitike alikuwa Rodesia kwenye migodi ya shaba, na mkewe Ikupa akakaa kwetu. Alikuwa amemaliza darasa la nane misheni. Mpole wa kutazama, lakini akitaka jambo, basi tena. Chuo cha walimu kule Iringa kikatangaza nafasi za wanawake. Sharti lilikuwa mtihani, unafanyiwa Mbeya mjini, na ukianguka hakuna kurudia. Ikupa akasema anautaka ualimu. Mama akasema yeye anataka mjukuu.

Shida ilikuwa grafu. Shuleni kwao wasichana walifundishwa kushona na kufuma. Aljebra waliachiwa wavulana. Sijui waliogopa vidole vyetu vitaungua! Na mtu pekee wa kumfundisha pande zile alikuwa baba yangu, Mwalimu Jailos, aliyefundisha hesabu mpaka mvi zikamwota.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na kazi. Sisi Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Si chuki, ni heshima. Hawatazamani, hawasemezani, na jina la baba mkwe mkamwana halitaji. Akisikia kikohozi chake njiani anajitupa migombani mpaka mzee apite. Hata nyayo zake hazikanyagi. Wakristo wengine walishaanza kuyalegeza hayo, lakini kwa mama yangu Marta? Thubutu!

Nikamwendea baba. "Tata, Ikupa anaomba umfundishe grafu."

"Nitamfundishaje mtu nisiyeweza kumwona?" akauliza.

Kisha akaitazama kahawa yake. Bwana shamba alikuwa amemshikilia aipande kwa mistari, nafasi sawasawa huku na huku, na baba alinung'unika msimu mzima kwamba anafundishwa kulima uzeeni. Sasa nikaona anatabasamu.

"Damari," akasema, "kalete kamba."

Mti wa pembeni, ule wa karibu na lango, akauita sifuri. Kwenda upande wa mtoni ni eksi. Kupanda upande wa mlima ni wai. Ukiambiwa eksi mbili, wai tatu, unatembea miti miwili kwenda mtoni, unapanda mitatu kwenda mlimani, na mti unaoufikia ndio wako. Hata mimi niliyekimbia shule nilielewa.

Basi kazi ikawa hivi. Asubuhi baba ananipa swali, anakohoa, anakwenda kwa jirani. Ikupa anatoka jikoni na vipande vya majani makavu ya mgomba. Wai ni eksi ongeza moja: anatafuta mti mmoja mmoja, anaufunga jani. Akimaliza anarudi jikoni, baba anakuja na kamba kusahihisha. Kama Ikupa amepata, kamba inapita kwenye miti yote iliyofungwa, imenyooka. Siku ya kwanza iliponyooka nilikimbia jikoni kumwambia, tukarukaruka mpaka tukamwaga maji ya mama.

"Mnacheza au mnapika?" mama akatuuliza.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka tulipofika kwenye alama za kubwa kuliko na ndogo kuliko. Hapo jibu si mstari peke yake, ni upande mzima wa shamba. Baba akaona bora avute kamba yeye mwanzoni, ili mpaka wa jibu uonekane, halafu Ikupa afunge miti ya upande unaotakiwa. Akatoa swali: wai ni kubwa kuliko eksi ongeza moja, au sawa nayo. Akatembea na kamba yake kwenye udongo mbichi, akakohoa, akaondoka.

Ikupa akafunga miti yote ya upande wa juu. Ile iliyoguswa na kamba akaiacha mitupu.

"Mwambie imeandikwa 'au sawa'," baba akaniagiza. "Miti ya kwenye mstari nayo ni jibu; kwenye karatasi mstari wenyewe unakolezwa."

Nikamwambia. "Nimesikia, wifi," akajibu. Kesho yake akaiacha tena. Baba akageuza swali, akauvuta mstari kwingine. Ikupa akaanzia ng'ambo ya kamba vilevile. Mtihani nao ulikuwa unatukaribia. Baba akaanza kupandisha sauti: "Mwambie wasahihishaji hawana huruma! Kwa kosa hili hili atarudi jikoni!" Na mama, jamani, mama akawa anaimba nyimbo za kanisani mchana kutwa.

Nikamfuata Ikupa kisimani, nimefura. "Wewe wifi, una nini? Kichwa chote hicho, 'au sawa' tu inakushinda?"

Akainamisha uso. "Pale baba amepita."

"Pale wapi?"

"Kwenye kamba. Nyayo zake zile pale, Damari. Nitazikanyagaje?"

"Na kwenye karatasi je? Kwenye karatasi hakupita mtu!"

"Hata kwenye karatasi," akasema, na machozi yakamtoka. "Nikishika penseli, mstari nauona ni wa baba. Mkono unaogopa. Wifi, nitaanguka, najua nitaanguka."

Nilitaka kucheka, kicheko kikanikwama. Mimi ni binti wa nyumba ile, nakanyaga ninapotaka. Sikuwahi kufikiri mwenzangu anatembeaje uani kwetu kila siku, akichagua pa kuweka mguu. Nikamwonea huruma kweli.

Nikampelekea baba maneno yale kama yalivyo. Akasema, "Kumbe kosa ni langu." Akaikunja kamba, akanipa.

"Mpe mwenyewe. Kuanzia leo mimi sitii mguu kwenye kahawa mpaka mtihani upite. Avute yeye. Mwambie mstari ni wa yule anayeuvuta."

Ikupa aliipokea kamba kwa mikono miwili. Mstari wake wa kwanza, haki ya Mungu, ulikwenda kombo kama njia ya ng'ombe. Akaufungua, akavuta tena. Uliponyooka akapanda juu yake, akaufuata mti kwa mti akifunga majani, na hakuna aliyekuwa amepita pale kabla yake. Baba alikuwa barazani ametugeuzia mgongo.

"Amefunga ya kwenye mstari?" akaniuliza.

"Amefunga, tata."

"Yote?"

"Yote."

"Ndaga," akasema, yaani asante.

Ikupa alikwenda Mbeya juu ya lori la ndizi, akarudi ana mafua na anacheka. "Wameleta ile ya 'au sawa', wifi! Nimeukoleza mstari mpaka penseli ikakatika." Majibu tuliyasikia kanisani, mchungaji akiyasoma baada ya ibada. Jina la Ikupa liliposomwa nilipiga vigelegele mpaka mzee wa kanisa akanikazia macho. Tulipofika nyumbani mama akasema, "Iringa kuna baridi," akaingia ndani kutafuta blanketi.

Asubuhi ya safari Ikupa aliamka kabla yetu. Alivuta kamba kutoka ngazi ya baraza, ikashuka katikati ya kahawa hadi mti wa sifuri pale langoni, na kila mti ulioguswa akaufunga jani. Kisha akasimama barabarani na mimi, tunangoja lori.

Kikohozi kikasikika. Ikupa akageuka upesi, akajifunika kanga. Mimi nikatazama. Baba alisimama ngazini, akaiangalia ile kamba na nyayo ndogo zilizoifuata.

"Baba Anyitike, pita pembeni!" mama akapaza sauti. "Huko amepita mkamwana!"

Baba akavua viatu. Akaweka mguu wake kwenye unyayo wa kwanza, akaweka kwenye wa pili, akashuka.

"Yooo!" mama akapiga yowe.

"Wifi, kuna nini?" Ikupa akauliza bila kugeuka. "Mama analilia nini?"

"Baba anapita kwenye mstari wako."

Akaikaza kanga usoni. "Anakanyaga nyayo zangu?"

"Ndiyo."

"Zote?"

"Zote, wifi," nikamwambia. Lori likafika, akapanda, nikamrushia blanketi la mama.