Niliufuta Mto wa Mzee Kiplangat

Kosa langu la kwanza nilipochaguliwa katibu wa kamati ya msitu wetu, huku juu ya Olenguruone, lilikuwa kuyapiga pasi maneno ya watu. Sikuiba, sikulala mkutanoni, sikuchelewa. Niliandika vizuri mno.

Mwanangu, najua utacheka. Sina hata mvi moja, na wewe unayelipokea daftari hili la katibu nimekuzidi miaka michache tu. Nivumilie. Aibu nayo huzeesha.

Nakumbuka vizuri siku tulipoitwa kwenye ukumbi wa kanisa kutoa maoni kuhusu mpango wa kuusimamia msitu. Huu ni msitu wa mababu zetu Waogiek, na baada ya miaka mingi ya kuambiwa tutoke, sasa tulikuwa tunaulizwa: mnataka ulindwe vipi? Kuna watu walilisubiri swali hilo mpaka wakazikwa. Mimi nilikaa mbele na kalamu tatu, mbili za akiba, nikihofia kukosea herufi.

Shule sikufika mbali. Kiswahili cha kuandika nilijifunza kwa magazeti ya kufungia sukari na kwa simu iliyopasuka kioo. Basi nilichotaka siku hiyo, nikuambie ukweli, ni wataalamu wasome karatasi yetu wasigundue kwamba imeandikwa na mtu kama mimi.

Akasimama Mzee Kiplangat, ambaye amerina asali tangu kabla baba yangu hajaoa.

"Andika," akaniambia. "Sehemu ya ukoo wetu inaanza chini kwa mto, inapanda na mto mpaka kwa mianzi. Maua ya chini yakiisha, nyuki wanapanda, na mimi napanda. Ng'ambo ya mto ni ya kina Sigei, huko siguzi. Mkifunga juu, mmenifunga mimi. Umeandika mto?"

"Nimeandika, mzee."

"Jina lake?"

"Nimeandika."

Wakafuata wengine, kila mmoja na mto wake, kila mmoja na mpaka wake. Ndivyo msitu wetu ulivyogawanywa toka zamani: vipande virefu vinavyopanda mlima, kila ukoo na chake, ili kila ukoo upate maua ya chini na ya juu kwa zamu yake. Hakuna asiyelijua hilo huku kwetu. Hata mimi nilijua.

Nilipofika nyumbani nikayatazama maandishi yangu nikaona haya. Mito mitupu! Changu, chetu, chao. Nikawaza, wageni watatuona watu wa choyo wanaogombania miti. Mchagua jembe si mkulima, lakini mimi nilichagua maneno hadi chai ikapoa mara mbili. Mwisho nikaikunja ile mito yote ndani ya sentensi moja: "Jamii inautumia msitu wote kwa pamoja na kwa umoja." Nikaisoma mara nne. Nikatabasamu. Kisha nikazichana zile kurasa za kwanza, zenye mikwaruzo, nikawashia jiko.

Rasimu ya mpango iliporudi, tulikusanyika tena isomwe. Ramani yake ilikuwa imeukata mlima kanda mbili: nusu ya chini ya kutumiwa, nusu ya juu imefungwa, mizinga yote ishushwe. Sababu? Kwa kuwa jamii inautumia msitu wote kwa pamoja, wenye mizinga juu wataihamishia chini. Sentensi yangu ilikuwepo neno kwa neno.

Mzee Kiplangat akaniita mbele ya watu.

"Kijana, hiyo chini nihamie ni ya nani?"

"Wamesema ni ya jamii, mzee."

"Kwangu chini mizinga imejaa. Niende kwa kina Sigei? Wakinipata huko wataniita mwizi, na sitakuwa na la kujibu." Akanitazama. "Mimi nilikupa mto. Umeupeleka wapi?"

"Niliweka pamoja, mzee. Nilitaka ionekane smati."

"Smati! Na nyuki nitawaambia nini, wakuwe smati?" Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Nikitaka maneno matamu ningeenda harusi."

Muda wa kutoa maoni ulikuwa haujaisha. Nikapita nyumba kwa nyumba, na zile kurasa, unakumbuka, nilikuwa nimeshazichoma. Mzee Kiplangat alirudia yote bila kuchoka, akataka nimsomee, akanisahihisha mahali mto unapopinda. Kina Sigei walinifungulia mlango nusu.

"Si tulisema?" mama wa nyumba akauliza.

"Mlisema, mathe. Ni mimi nilipoteza."

"Basi tafuta." Akaufunga.

Nilirudi mara mbili. Hawakusema tena, na sikuwa na haki ya kuwasemea.

Siku ya kuwasilisha, afisa aliyepokea maoni alikunja uso. "Mbona hamkusema haya mapema?"

"Walisema," nikajibu. "Mimi ndiye niliyeyafuta."

Sasa nije kwako, kwa sababu wiki iliyopita nilisoma rasimu yako ya kwanza nikataka kulia. Umeandika, "Wadau walitoa maoni mbalimbali." Mbalimbali! Mbalimbali ni nini, mwanangu? Nani alisema, kuhusu mto gani, mwezi gani? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayekilalia amesimama mbele yako anakuhesabia kunguni mmoja mmoja, na wewe unaandika "changamoto"!

Nasaha yangu ni hii. Mtu akitaja mahali, andika mahali. Akirudia, andika kwamba amerudia. Kiswahili chake kikipinda, kiache kipinde, kwa maana huenda kimepinda pale pale mto unapopinda. Msomee kabla hajaondoka. Na karatasi ya kwanza usiichome hata kama inakuaibisha. Aibu yako ni ndogo kuliko mizinga ya mtu. Mimi bado mikono hunitoka jasho nikiacha sentensi mbaya ilivyo. Naiacha hivyo hivyo.

Mungu akupe sikio refu na kalamu nyenyekevu. Watu wakuamini, na wakikuamini usiwachoshe. Utakapolikabidhi daftari hili kwa mwingine, liwe limejaa majina yao na si ufundi wako.

Tangu siku ile ya kuwasilisha, mpango umebadilishwa kwa koo zilizokubali kusema mara ya pili. Mzee Kiplangat hupanda hadi kwenye mianzi kila msimu wa maua ya juu, na kibali chake kimeutaja mto kwa jina. Sehemu ya juu ya kina Sigei bado imefungwa.