Mungu Aliyehamia kwa Kempamma

Kempamma hakumwamini mtu. Kwake muuza maziwa alikuwa muuza maji, na dereva wa boza la maji alikuwa muuza hewa. Ziwa lililokuwa nyuma ya chumba chake alisema limeibwa mchana kweupe, kisha wezi wakajenga maghorofa juu yake na kuyaita Ufukwe wa Ziwa. Bengaluru ilikuwa inanenepa, na Kempamma, mjane mtunga maua, alijua kinachonenepa lazima kinakula mtu.

Kwa hiyo asubuhi moja alipokuta jiwe limesimama mlangoni pake, kichwa chekundu, hakusujudu. Alilisukuma kwa mguu. Halikutikisika.

"We dada! Unampiga Mungu teke?" Jirani yake Nanjundappa, dalali wa viwanja, alikuja mbio na nazi mkononi. "Kajitokeza mwenyewe!"

"Na nazi nayo imejitokeza, kaka? Maduka hata hayajafunguliwa."

Dalali akapasua nazi, akalipaka jiwe manjano, na kufikia mchana mtaa mzima ulikuwa umepanga foleni. Vijana wa kompyuta walishuka ghorofani kuomba viza. Maua ya Kempamma yakanunuliwa yote. Lakini hata furaha yenyewe aliitilia shaka: tangu lini Nanjundappa akatoa kitu bila kamisheni?

Jibu lilikuja na mpima ardhi.

"Mama, hili ni jiwe letu la kupimia barabara. Aliyelisimika ni mwenzangu, mimi nafuata tu mawe. Lilipo jiwe ndipo barabara mpya inapita, chumba chako kitavunjwa." Kisha akavua viatu na kuliinamia. "Kuling'oa siwezi. Nina watoto."

Kempamma akaenda moja kwa moja getini kwa Nanjundappa, ambako chungu cha mrehani kilikuwa kimeota ghafla tangu siku ile ya jiwe. Akakisogeza. Chini yake palikuwa na shimo la mraba, na ukingoni mabaki ya rangi nyekundu.

Aseme? Nani angemsikiliza? Waumini wanaongoja viza wangemfukuza yeye kabla ya barabara.

Jioni, foleni ikiwa imejaa, Kempamma alifumua nywele, akatoa macho, akaanguka chini akiunguruma kwa sauti nzito: "Nirudisheni nyumbani! Nina kiu, na nyumba yangu wameifunika kwa chungu!"

"Kapandwa na Mungu!" wanawake wakapiga kelele. Ngoma zikaletwa, jiwe likang'olewa, maandamano yakamfuata Kempamma akipepesuka hadi getini kwa dalali. Akapiga chungu teke. Jiwe likaingia shimoni kama mguu kwenye kiatu chake.

"Jamani, hilo ni jiwe tu la barabara!" Nanjundappa alilia.

"Koma!" bibi mmoja akamkaripia. "Si wewe uliyempasulia nazi?"

Kempamma akainama kulivika jiwe shada, akalisukuma kidogo kwa mguu. Halikutikisika. Hata hivyo, tangu siku ile maua yake anauzia palepale getini, mgongo ukutani, jicho moja kwenye jiwe na jingine kwa Nanjundappa.