Kijani na Nyekundu kwenye Waya Mmoja

Mimi ni mtu wa nyekundu. Nalisema mapema kwa sababu ukifungua mashine yangu leo utakuta ndani yake kadi ya kijani, na sitaki mtu anicheke kabla sijajieleza.

Kwa asiyejua: ndani ya kompyuta ya kuchezea michezo kuna kadi moja nene yenye feni zake, sisi tunaiita carte. Kazi yake ni kuchora kila unachokiona kwenye kioo, barabara, magari, moshi, mpaka jasho la mchezaji wa mpira. Yapo makampuni mawili makubwa yanayogombania kazi hiyo. Siyataji, maana hayanipi chochote. Kila moja lina rangi yake, na duniani kote vijana wanatukanana mtandaoni kwa ajili ya rangi hizo. Sisi wa mtaa wa Muhumba hatukuwa na mtandao wa kupoteza kwa matusi. Tulitukanana uso kwa uso, na ilikuwa tamu zaidi.

Rafiki yangu alikuwa wa kijani. Nyumba yao na yetu zilishirikiana ukuta, na zote mbili zilivuta umeme kwenye waya mmoja kutoka nguzo moja. Tulisoma pamoja, tulipokea komunyo ya kwanza pamoja, na kwa miaka yote hiyo sikumbuki jambo tulilogombana kwa bidii kama carte.

Wala hakuna kati yetu aliyechagua chama chake kwa akili. Yeye kaka yake alimletea ya kijani kutoka Kampala. Mimi nilikwenda kwa tonton mmoja, ndivyo tunavyomwita mjomba au mzee yeyote, aliyekuwa akiuza vifaa vilivyotumika, na siku hiyo alikuwa amebaki na nyekundu tu. Ndivyo tulivyobatizwa. Baada ya wiki moja kila mmoja wetu alikuwa tayari kula kiapo kwamba ya mwenzake ni takataka.

"Yako ni jiko," alikuwa akiniambia. "Weka sombe juu, itaiva."

Nami nilimjibu kwamba kijani ni ya watu wenye majivuno, wanaonunua jina. Hapo alikuwa akitabasamu na kusema neno lake, lile lile kila siku: "Kijani haipige kelele. Inatumika." Nilikuwa nalichukia neno hilo kwa sababu lilikuwa kweli. Feni za kwangu zilinguruma mpaka mama yangu akiwa uani aliuliza kama mvua imeanza.

Siku moja tonton wake alishuka kutoka Mwenga, mtu wa machimbo, akatukuta tumezifungua mashine zote mbili mezani. Akaziangalia kadi zile kwa muda, akauliza ni ipi kati ya hizo yenye mawe wanayochimba kwao ndani. Tukajibu kwa pamoja: "Yangu!" Mzee wa watu akatikisa kichwa, akaenda kutafuta chakula.

Umeme wa mtaa wetu ulikuwa unafika umechoka. Mashine moja uliiweza. Mbili zikiwashwa pamoja, taa za nyumba zote mbili zilififia, zikabaki kama kaa la moto linalozimika, na mama yake, aliyekuwa na friji ya kuuzia maji ya matunda, alipiga kelele kutoka jikoni: "Muzimishe moja! Mutaniunguzia frigo!" Rafiki yangu alikuwa akiitazama taa ile nyekundu na kusema: "Unaona? Hata taa ya maman umeshaiingiza mu chama chako."

Kwa hiyo tukawa na desturi. Anayetaka kuwasha anagonga ukuta mara moja. Mwenzake akisikia haiwashi ya kwake. Anavuka ua na kuja kukaa pembeni, kushauri na kukejeli. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwamba katika miaka yote ile sikucheza peke yangu, isipokuwa nilipokuwa nimenuna. Na mimi nanuna, sifichi. Alipata kunishinda mchezo wa mpira mbele ya dada zake, nikakaa wiki mbili bila kugonga ukuta. Nilicheza kwa kuvizia, akiwa ametoka, na sikufurahia hata dakika moja.

Sasa niseme lile la utepe.

Ilikuwa Jumapili, baada ya misa ya pili. Vijana kama wanane wa mtaa walijaa sebuleni kwao ili tumalize ubishi mara moja. Nilivuka ua nimebeba mashine yangu imefungwa kwenye blanketi kama mgonjwa. Masharti tuliyaandika pamoja: mchezo mmoja wa mbio za magari, kutoka kwenye daraja hadi kwenye mti mkubwa ulio konani, kila kitu kikiwa kimepandishwa hadi juu, yaani moshi, maji, vivuli, vyote. Halafu tunasoma namba iliyo pembeni ya kioo, inayoonyesha carte imechora picha ngapi kwa sekunde. Atakayeshindwa atafunga kwenye mashine yake utepe wa rangi ya mshindi, na hataufungua mpaka ashinde yeye. Tepe zenyewe zilikuwa zimebaki kutoka kwenye magari ya harusi ya dada yake.

Kwa sababu ya ule waya, tulipima mmoja mmoja. Yeye alianza. Friji ya mama yake ilichomolewa ili umeme utoshe, gari likakimbia, namba ikasimama kwenye hamsini na nne. Vijana wa kijani wakapiga meza.

Nilijua yangu ilivyo. Nilikuwa nimeijaribu asubuhi ile ile, kabla ya misa, na ilikuwa haijawahi kuvuka hamsini.

Wakati tunabadilisha nyaya, mama yake alikuwa ameirudisha friji. Rafiki yangu akaiona taa inalegea. Akasema, "Ngojeni, yeye pia apate courant yote," akatoka kwenda jikoni kumbembeleza mama yake tena kwa ajili yangu. Vijana walikuwa wanabishana wao kwa wao. Kioo kilikuwa kimenielekea mimi. Nikaingia kwenye mipangilio nikazima vivuli. Ni kubonyeza mara mbili tu. Ukivizima, carte inapata nafuu kubwa, kama mtu aliyetuliwa gunia. Aliporudi kutoka jikoni akifuta mikono, nilikuwa nimeshatoka kwenye mipangilio, nikingoja.

Sitini na moja.

Kelele zilizopigwa sebuleni humo sijapata kusikia tena. Watu walinibeba. Nikiwa juu juu vile nilimwona yeye bado ameinama mbele ya kioo, gari langu likiwa limesimama chini ya ule mti. Alitazama kwa muda. Kisha akachukua utepe mwekundu, akaufunga mwenyewe kwenye mashine yake, kwa fundo zuri. "Nyekundu imeshinda," akasema, na akanipa mkono.

Nilidhani ningefurahi mwaka mzima. Nilifurahi mpaka jioni.

Hakuniomba marudio. Utepe ulibaki pale, nami nilipovuka ua kwenda kukaa pembeni yake niliuona kila siku. Baadaye likaja lile la kuondoka. Wakati huo watu wengi walikuwa wakiondoka mjini, kila mmoja na sababu yake, na sababu hizo hazikuulizwa sana. Yeye alikuwa na tante, shangazi yake, katika nchi ya baridi. Mashine aliiuza, lakini kabla ya kuiuza alichomoa carte, akaifunga kwenye kipande cha kitenge cha mama yake, akaniletea.

"Uichunge," akaniambia. "Lakini usiiweke mu mashini yako. Itakufa na haya."

Nilimsindikiza kwa miguu hadi mpakani, kwenye daraja la mto Ruzizi. Nilikuwa nimeamua kumwambia njiani lile la vivuli. Nilijipa mpaka kwenye kona, kisha mpaka kwenye mteremko, kisha mpaka pale tunapoanza kuliona daraja. Tulizungumza juu ya feni. Pale mpakani alinigonga kifuani mara moja, kama alivyokuwa akigonga ukuta, akapanga mstari na wengine.

Upande wa pili wa ukuta wamehamia watu wengine, watu wema, wanaotusalimia. Mwanzoni nilikuwa bado nagonga kabla ya kuwasha. Si kwa makusudi, mkono tu. Baba wa nyumba ile akaja siku moja kuuliza kwa heshima kama televisheni yao inatusumbua.

Kisha, msimu wa mvua, umeme ulikatika na kurudi kwa hasira, na carte yangu ikatoa harufu ambayo kila mtu wa mchezo huu anaijua. Nilikaa wiki mbili na mashine iliyokufa. Mwishowe nikafungua kile kitenge.

Kijani haipigi kelele, inafanya kazi. Jamani, ni kweli. Nilikaa mbele ya kioo nikasikia ukimya wa feni zile, na nilimkumbuka yule mtu. Ningetoa nini aje tu kusimama mlangoni na kunicheka!

Jumapili bado tunakutana sisi vijana wa mtaa, ingawa tumepungua. Na kuna jambo linalonikera: karibu wote sasa ni wa nyekundu. Waliona kwa macho yao siku ile, sitini na moja, na tangu siku ile kila anayepata carte anaulizia nyekundu. Majuzi mmoja wao alisema kijani ni ya watu wenye majivuno, wanaonunua jina. Maneno yangu yenyewe. Nikajikuta nimesimama, namjibu kwa ukali, na majibu yote niliyompa yalikuwa ya rafiki yangu, hata na lile la sombe. Wakanishangaa. Nami nilijishangaa.

Jumamosi moja asubuhi alinipigia kwa video. Huwa tunasalimiana hivyo, dakika chache, uso unaganda, unarudi. Safari hii alikuwa na furaha. Alikuwa amefanya kazi miezi yote ya baridi kwenye ghala moja, na sasa alikuwa amejiundia mashine, mpya, kipande kwa kipande. Akageuza simu ili nione. Ubavu wa mashine ulikuwa wa kioo, na ndani yake kulikuwa na mwanga mwekundu.

"Nyekundu?" nikauliza.

"Nyekundu," akasema.

Niliyaona yote kwa mara moja: miezi yake ya ghala, baridi yake, na katikati vile vivuli nilivyovizima yeye akiwa jikoni ananitafutia umeme. Sikutaka hata uso ugande kabla sijasema.

"Ile siku ya utepe nilizimisha vivuli," nikamwambia. "Wakati ulienda kuchomoa frigo. Nilikuibia."

Mwanga ule mwekundu ukaganda kwenye simu, ukarudi.

"Minajua," akasema. "Ule muti haukukuwa na kivuli. Niliona palepale."

"Na ukafunga utepe?"

"Ningefanya nini? Ningekusema mbele ya batu, ungebeba mashini yako na blanketi yako, na haungegonga tena ku ukuta. Wiki mbili za ile ya football zilinitosha."

Nilitaka kukataa. Lakini ananijua.

"Basi juu ya nini umekamata nyekundu? Kama ulijua?"

Akaigeuza simu, nikamwona uso. Amenenepa kidogo, na nyuma yake kulikuwa na dirisha lenye mwanga mweupe usio na rangi. Alijikuna shingo, kama afanyavyo anapoona haya.

"Huku bote biko na kijani, vieux," akasema. "Hakuna mutu anabisha. Unasema kijani ni nzuri, banasema ndiyo, banaendelea na kazi yabo. Ile nyekundu ilikosa mutu wa kuisemea. Nikasema basi, nitaisemea miye."

Nikaielekeza simu kwenye mashine yangu, nikaondoa kifuniko cha ubavuni, nikamwonyesha carte yake mle ndani, bila vumbi, maana naipangusa kila wiki. Nilimsikia anacheka kabla sijamwona. Alicheka kile kicheko chake cha zamani, cha kukosa pumzi, mpaka akaondoka mbele ya simu, na mimi nikacheka, na machozi yakatoka, sijali nani atasoma hapa.

"Washa," akasema aliporudi. "Washa yangu, na miye niwashe yako."

Nilisahau nilipo. Niligonga ukuta mara moja, kisha nikabonyeza, na yeye akabonyeza, nikazisikia feni zake zikianza kunguruma huko kwenye simu. Tangu tulipoanza desturi ya ukuta hatukuwahi kuziwasha pamoja. Nikainua macho kuitazama taa.

Haikufifia hata kidogo.