Kompyuta Isiyosikia Boya

Shangazi yangu wa Vudee hupata maji ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia, kwa zamu. Likijaa asipofungua, yanamwagika bondeni na maharage yake yanakauka. Nikamfungia kompyuta ndogo, niliyoishusha bei mara mbili pale Same, ipokee ishara ya boya linalopanda na maji ya ndiva, na kumpigia simu.

Tulipojaribu, boya lilipanda, simu haikuita. Nilikagua nyaya, nikakagua tena. Kumbe ndani ya Linux, mfumo ambao yeyote anaruhusiwa kuurekebisha, kidhibiti cha ukatizaji kilikuwa kimezimwa. Hicho ni kama karani wa mapokezi: asipokuwepo, mgeni atagonga mpaka achoke, na bosi ndani hana habari. Nikakiwasha, nikaujenga mfumo upya, nikapanda tena mlimani Vudee kabla ya zamu ya shangazi.

Asubuhi simu ikaita. Shangazi akafungua ndiva, maji yakashika mfereji kuelekea kwenye maharage.

“Sasa kama inajua kuniita,” akasema, “inashindwaje kufungua?”

“Hiyo ni bei nyingine, shangazi.”

“Basi anza kupunguza,” akajibu, akachukua jembe na kuyafuata maji yake.