Nyumba Iliyotia Nanga

Wajukuu zangu wakiona wingu limening'iniza mkia juu ya ziwa, wanakimbilia simu wapige picha. Mimi nachekaga! Sisi tulikuwaga tunakimbilia masufuria. Kila mwanamke aliyeko mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, anagonga sufuria kwa mwiko, tunapiga kelele, tunautukana ule mkia wa upepo urudi ulikotoka. Na unarudi, bwana!

Mgongaji mkuu alikuwa mama mkwe wangu, na yeye ndiye aliyeijua mikia hiyo tangu utotoni. Ya majini, anasemaga, kila masika utaiona, mingi inafia hukohuko. Inayopanda nchi kavu ni michache. Inayoua ndio michache zaidi, ila hiyo hutaisahau. Kuna mmoja ulibeba ghala la mtama na mtama wake. Mwingine ulipindua mitumbwi, wanaume wakazikwa pamoja. Halafu ule wa wakati tumehamishiwa vijijini, nyumba zimepangwa mstari: ulipita na mstari kama mtu anapukuchua mahindi. Huo uling'oa bati la ghala la kijiji, bati likamuua dada yake.

Ndio maana bati alikuwa halitaki hata kulisikia.

Na mimi bati ndio ilikuwa ndoto yangu! Miaka ile ya shida, bati unaliona kanisani na ofisini tu. Sabuni hakuna, tunafulia majani ya mpapai. Halafu ikaja ruksa ya biashara, maduka ya Musoma yakajaa, wanunuzi wakaja mwaloni kuchukua dagaa kwa magunia. Nikakausha dagaa mpaka nikanuka dagaa hata kanisani. Mabati nikanunua, mume wangu akapaua. Nyumba inang'aa, ukiwa ziwani unaiona.

Mama mkwe akabaki kwenye kibanda chake cha nyasi, kinavuja, kifua kinambana kila mvua. Nilikuwa naogopa tutamzika.

"Mama, hamia kwangu. Hicho kifua kitakuua."

"Kifua changu nakijua. Bati lako silijui."

"Kwani nyasi haziruki?"

"Nyasi zikikuangukia unajikung'uta, unaenda kupika. Wewe mtoto wa Kisorya, umeshaona mtu anajikung'uta bati?"

Sasa siku moja niko mwaloni, upepo mkali, naangalia mitumbwi inarukaruka lakini haiendi popote. Imetia nanga! Nikarudi mbio.

"Baba, nyumba tuitie nanga."

Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Lakini kamba za makokoro, nyavu zake za zamani, alikuwa nazo. Tukazipitisha juu ya paa, huku na huku, tukazifunga kwenye mawe makubwa, mawe tukayafukia nusu.

Kijiji kikapata cha kuongea. Jirani yangu mmoja, mama mwenye mdomo huyo, akipita anaipigia nyumba saluti. "Nahodha! Mnang'oa nanga lini?"

"Tukipata abiria mwenye akili!"

Mama mkwe hakucheka. Alikuja akavuta kila kamba, akafungua fundo moja, akalifunga upya, akarudi kwake.

Masika ikaja, na mkia ukaja mchana kweupe. Tukagonga, yeye mbele. Haukufa. Ukapanda mwaloni, ukanyanyua dagaa zangu zote kama vumbi. Mama mkwe akatupa sufuria. Sijawahi kumuona anatupa sufuria!

"Ndani!"

"Ndani wapi, Mama?"

Ameshaingia. Kwangu! Tukajikunja chini ya kitanda, yeye, mimi na yule jirani. Mabati yanalia, kamba zinalia, mimi nimefumba macho.

"Nahodha, shikilia!" jirani anapiga kelele. "Shikilia, mama!"

Ukapita. Tukatoka tunatambaa. Nyumba ipo! Bati hata moja halijatoka! Kibanda cha mama mkwe zimebaki nguzo tu. Kijiji kizima hakuna aliyekufa. Mume wangu alikuwa Bunda siku hiyo, akarudi akakuta nacheza uwanjani.

Kumbe choo nilisahau kukifunga. Paa lake tulilikuta kwenye mihogo ya jirani.

"Abiria wako mmoja kashukia kwangu," akasema. Halafu akasogea taratibu. "Mwenzangu, kamba zimebaki?"

Wiki hiyo mwaloni hapakubaki kamba chakavu. Watu walitoka mpaka Makoko kuja kuangalia mafundo.

Mama mkwe alisimama kwenye nguzo zake, akaangalia paa langu, akaangalia nguzo. Akaokota sufuria lake, limebonyea, akaingia nalo jikoni kwangu.

"Mkeka wangu umeenda," akasema. "Nitandikie."

Alilala chini ya bati hilo miaka mingi, mkavu. Kila masika ikikaribia anazunguka nyumba anakaza kamba mwenyewe, na ole wako umgusie fundo lake.