Mashine Iliyokuwa na Mwenyewe

Ofisini walimwita Kanda, kwa sababu ni yeye aliyezisoma zile kanda za sumaku za zamani zenye rekodi za upimaji ardhi zilizojaza makabati mpaka darini. Mashine ya kuzisomea ilikuwa moja tu. Kompyuta za chumba kile zilitumia mfumo wa Unix, na humo kifaa hakiguswi ovyo: unaandika amri ya kukichukua, na tangu hapo ni chako. Mwingine akijaribu, anajibiwa kwamba kina mwenyewe. Hakipati mtu mpaka wewe uandike amri ya kukiachia.

Kwa miaka mingi Kanda aliichukua mashine asubuhi kabla hajavua koti, akaiachia jioni. Hakuna aliyejali, maana hakuna aliyeitaka.

Kisha wakamwajiri mdogo wake, kwa majaribio.

Walikuwa tumbo moja, lakini mdogo ndiye aliyepelekwa chuo kikuu, na ndiye ambaye mama yao alimkimbilia mlangoni. Kanda akiingia aliulizwa tu, "Umefika?" Sasa na ofisini ikawa vilevile. Bosi alikuwa mwanamke mkavu, mtu asiyecheka na yeyote. Siku ya kwanza ya mdogo, alicheka. Kanda aliyaona meno ya bosi kwa mara ya kwanza.

Mdogo alipewa kazi moja: ahamishe kanda za kabati la dirishani ziingie kwenye diski kabla mwezi haujaisha. Akimaliza, kazi ni yake. Asipomaliza, anarudi nyumbani. Kanda alilijua hilo vizuri.

Jioni moja alisahau kuiachia mashine. Alisahau kweli. Jioni iliyofuata alikumbuka, vidole vikiwa juu ya kibodi, akainuka akaenda zake. Tangu hapo mashine ikawa yake mchana na usiku, hata yeye akiwa kwake kitandani, na ndani yake imelala kanda aliyokwisha kuisoma zamani. Mama wa usafi akamuuliza kama ameioa. Kanda akasema ndiyo, na talaka haipo.

Kila siku mdogo alikuja akasimama kando ya meza yake kama mgeni asiyekaribishwa kiti.

"Kaka, ukimaliza niachie."

"Nikimaliza."

Mwezi ulikuwa ukingoni bosi alipoingia, mdogo akiwa ametoka kwenda kula. Alilitazama kabati la dirishani, bado limejaa, akamwambia Kanda amhimize ndugu yake. Kwani kinamchelewesha nini? Tangu wiki ya kwanza mdogo alishapewa uwezo wa msimamizi wa mfumo. Mtu akisahau kuachia kifaa, yeye anaandika amri moja tu na kumpokonya. Hakumwambia?

Hakumwambia.

Kilichomjia Kanda kwanza hakikuwa aibu. Lilikuwa lile neno, msimamizi. Alilingoja miaka yote ile bila kulitamka, na mwenzake alilikuta mezani pamoja na kikombe cha chai. Halafu likamjia jingine, zito zaidi: amri moja tu, na bado yule alikuja kila siku kusimama na kuomba. Hata kwenye subira mdogo alikuwa amepata fungu kubwa.

Mdogo aliporudi, Kanda hakumgeukia.

"Kwa nini hukuninyang'anya?"

"Nyumbani walikuwa wanachukua vyako wananipa mimi, na mimi nakula. Hiki nilitaka unipe mwenyewe."

Kanda aliandika amri ya kuachia. Mfumo ukamkumbusha kutoa kanda, kama unavyomkumbusha kila mtu. Akaitoa, baridi, akaiweka mezani kati yao. Mdogo alikaa, akaandika amri yake ya kuichukua, na mashine ikaanza kuzunguka. Ilizunguka vizuri. Kanda alitamani ikwame, japo mara moja.

Haikukwama. Siku ya mwisho kabati lilikuwa tupu, na mdogo akapata kazi. Bosi alitaka kujua tu kwa nini mwanzoni alisuasua hivyo.

"Kanda nyingine zilikuwa zimegandana," mdogo akasema. "Kaka alikuwa ananitengenezea."

Bosi akatabasamu, akamtikisia Kanda kichwa kwa shukrani. Kanda naye akaitikia, macho kwenye skrini. Uongo ule ulitoka laini, bila kujikwaa, na ulisemwa kwa ajili yake. Akamwonea mdogo wake wivu hata kwa huo.